Injini ya babu: nani alimwiga nani?

Najua, nimepotea. Wiki tatu bila neno. Waliodhani nimepata ajira ya wakubwa nikafungwa mdomo, poleni, bado niko huru na bado sina hela. Nilikuwa uani, nimechutama mbele ya injini ya pikipiki, spana mkononi, mafuta ya taa mpaka kwenye viwiko. Leo nataka kuwasimulia nilichokikuta humo ndani. Na si kutu peke yake.

Nianze mwanzo.

Babu yangu mzaa baba alikuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa, huko kwetu kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Miaka ya mwanzo ya 1950 bei ya kahawa duniani ilipanda, na wazee wa kule wakaanza kuezeka bati na kulipa ada za shule. Babu naye akanunua pikipiki. Wao waliiita tukutuku. Ilikuwa BSA Bantam ya Kiingereza, cc 123, gia tatu, rangi ya kijani kilichopauka kama ukungu wa asubuhi. Aliipanda kwenda kukagua mizani za kahawa, kanisani, na msibani. Alipozeeka ikaegeshwa kwenye kibanda nyuma ya migomba. Fremu ikaliwa na kutu, magurudumu yakaenda kuwa toroli. Ikabaki injini.

Mwaka jana baba mdogo akanipigia simu. "Mwanangu, kuna mnunuzi wa chuma chakavu hapa, anapima kwa kilo. Hili dude la babu yako nalitoa." Sijui kilichonipata. Mimi ambaye hata tairi la baiskeli nampelekea fundi, nikasema, "Shikamoo baba, usilitoe, nakuja." Akajibu, "Marahaba. Basi njoo kabla ya mwisho wa mwezi, maana mwenzio ana hela mkononi."

Nikaenda. Nikalitia kwenye gunia, nikapanda nalo basi. Konda akauliza ni mzigo gani. Nikamwambia injini. Ya gari gani? Ya babu. Akacheka, akanitoza nauli ya gunia la viazi.

Mzee wa Gerezani

Pale Dar es Salaam nilimtafuta mzee mmoja wa Gerezani, fundi tangu miaka ya 1970, ambaye mikono yake imefungua pikipiki nyingi kuliko magazeti niliyosoma mimi. Nilimwamkia, nikafungua gunia. Akaizungusha injini sakafuni kwa mguu, akaitazama upande huu, upande ule. Kisha akatoa hukumu.

"Huyu Mwingereza kamwiga Yamaha."

Nikacheka kimoyomoyo. Mimi mwandishi bwana, nilishaperuzi. BSA Bantam ilitoka mwaka 1948. Kampuni ya pikipiki ya Yamaha ilianzishwa Julai 1955. Nikamwambia kwa adabu, "Mzee, tarehe zinakataa. Labda Yamaha ndiye aliyemwiga Mwingereza."

Hakukasirika. Akainama tena, akapapasa mbavu za silinda kama mtu anayekagua mbuzi mnadani. "Tarehe ni zako," akasema. "Mimi nakwambia hawa mama yao mmoja."

Niliposoma baadaye nikagundua kwamba wote wawili tulikosea kuhusu nani alimwiga nani, lakini mzee alipatia pale penye uzito. Mama yao mmoja. Na mama mwenyewe si Mwingereza wala Mjapani.

Milimita 52 kwa 58

Injini ilikuwa imekamata. Pistoni imeganda ndani ya silinda, kiki haishuki hata kwa kuikanyaga kwa miguu miwili. Mzee alinipa dawa na kunirudisha nyumbani: toa plagi, mimina dizeli iliyochanganywa na oili kwenye tundu lake, iache, na usiguse nyundo. "Nyundo ni ya mwisho. Mwenye haraka ananunua injini nyingine."

Siku ya sita ikasogea. Kidogo tu, kama mtu anayegeuka usingizini. Nikafungua nati nne za silinda hedi, nikainua kofia ya aloi, kisha nikavuta silinda ya chuma taratibu huku nimeziba mdomo wa chini kwa kitambaa ili vipande vya kutu na ringi visidondokee ndani. Ringi moja ilikuwa imevunjika mara mbili. Ukuta wa silinda ulikuwa na michirizi kama barabara ya kijijini baada ya masika.

Mzee alikuwa ameniagiza nipime silinda mahali ambapo ringi hazifiki, pale chini kabisa, kwa kuwa ukuta wa hapo haujasuguliwa na unakumbuka kipimo chake cha kiwandani. Nikapima. Milimita 52. Nikapima safari ya pistoni kutoka juu hadi chini. Milimita 58. Ukipiga hesabu yake unapata cc 123.

Shikilia namba hizo mbili, 52 na 58. Ndizo zilizonifungulia mlango. Nikatafuta vipimo vya Yamaha ya kwanza kabisa, YA-1 ya mwaka 1955. 52 kwa 58. Nikatafuta pikipiki ya Kirusi iitwayo Moskva M1A, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1946. 52 kwa 58. Harley-Davidson wa Marekani, hao wa madude makubwa ya sinema, nao walitoa kapikipiki ka cc 125 mwishoni mwa miaka ya 1940. Wao wanapima kwa inchi, lakini ukizigeuza unaangukia karibu palepale.

Mtu mmoja kufanana na jirani yake ni bahati mbaya. Nchi nne kufanana kwa milimita, hapo lazima tuulize baba wa watoto.

Zschopau

Zschopau ni mji mdogo wa Saxony, mashariki mwa Ujerumani. Hapo Mdenmaki mmoja, Jørgen Skafte Rasmussen, alijenga kiwanda kilichokuja kuitwa DKW. Kufikia mwaka 1928 DKW ndiyo ilikuwa kampuni kubwa kuliko zote duniani kwa kutengeneza pikipiki. Mwaka 1932 iliungana na Audi, Horch na Wanderer, zikawa Auto Union. Zile duara nne kwenye pua ya Audi unazoziona foleni ya Mwenge ndizo kampuni hizo nne. DKW ni duara mojawapo.

Mhandisi mkuu wa pale, Hermann Weber, alibuni pikipiki ndogo iliyotangazwa mwaka 1939: DKW RT 125. Silinda moja, mapigo mawili, injini na giaboksi ndani ya kasha moja. 52 kwa 58.

Ndani yake kulikuwa na akili moja ambayo nimeishika kwa mikono yangu. Injini ya mapigo mawili haina valvu. Petroli na hewa huingia chini kwenye kasha la kranki, pistoni inaposhuka inausukuma mchanganyiko huo upande juu kupitia matundu ya ukutani, na wakati huohuo moshi unatoka kwa tundu jingine. Tatizo unaliona: petroli mbichi ikiingia wakati mlango wa moshi uko wazi, si itatoka nao? Mafundi wa zamani walijaribu kuzuia hilo kwa kuweka nundu juu ya pistoni ili kuipiga petroli ielekee juu. Nundu hiyo ilikuwa nzito na ilipata moto kupita kiasi. Katikati ya miaka ya 1920 Mjerumani Adolf Schnürle alikuja na njia nyingine: weka matundu mawili ya kuingizia, yaelekeze kwenye ukuta ulio mkabala na tundu la moshi, na mikondo miwili ikutane pale, ipande juu, igeuke na kuusukuma moshi nje. Nundu haihitajiki tena. DKW ilipata haki ya kutumia njia hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1930.

Nilipoifuta pistoni ya babu masizi, kichwa chake hakikuwa na nundu. Nikachungulia ndani ya silinda kwa tochi ya simu, nikayaona matundu mawili, moja kila upande, yamelala kwa mshazari kama nilivyosoma. Mzee alipoijua Yamaha ndani ya Mwingereza, hiki ndicho alichokuwa anakiona, ingawa jina la Schnürle hajawahi kulisikia.

Kioo cha dada

Kuna jambo lilinisumbua. Kwenye injini yangu pedeli ya gia na kiki viko upande wa kulia. Kwenye picha ya RT 125 ya Kijerumani viko kushoto. Sasa nakala gani hii isiyofanana?

Nikamwazima dada yangu kioo cha mkobani, nikakiweka mbele ya picha kwenye skrini. Nikabaki mdomo wazi. Ndani ya kioo ilikuwamo injini ya babu.

Maelezo yake ni haya. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, michoro ya RT 125 ilichukuliwa na washindi kama sehemu ya fidia ya vita. Nakala ikafika Birmingham, Uingereza, kwa BSA. Wapanda pikipiki wa Kiingereza wa wakati ule walizoea gia mguu wa kulia. Kwa hiyo wahandisi wa BSA waliugeuza mchoro, kushoto kukawa kulia, wakaiita Bantam. Bantam ni jogoo mdogo mwenye kiburi. Ukiwa na watoto mapacha, mmoja anatumia mkono wa kulia na mwenzake wa kushoto, utasema si ndugu?

Kabla hujamwita Mwingereza mwizi, subiri. Herufi BSA ni kifupi cha kampuni ya silaha ndogo ya Birmingham, iliyoanzishwa mwaka 1861 na mafundi bunduki. Nembo yake ni bunduki tatu zilizoegemezwa pamoja. Usiku wa tarehe 19 Novemba 1940 ndege za Ujerumani zilikipiga mabomu kiwanda chake cha Small Heath, na wafanyakazi 53 wakafa humo kazini. Na Auto Union yenyewe haikuwa malaika. Wakati wa vita ilitumikisha watu kwa nguvu, wakiwemo wafungwa wa kambi za mateso. Utafiti ulioagizwa na Audi yenyewe ukachapishwa mwaka 2014 na kuliweka jambo hilo wazi.

Kwa hiyo mchoro ulipovuka kwenda Birmingham haukuwa zawadi, na haukuwa wizi wa kichochoroni pia. Ulikuwa malipo ya damu. Naandika hivi nikijua kwamba babu yangu, karani wa koloni, hakuulizwa na upande wowote. Alilipa hela yake ya kahawa akapanda.

Kiwanda kilichofunguliwa kama injini

Zschopau yenyewe iliangukia mikononi mwa Wasovieti. Nao hawakuchukua michoro tu. Walikifungua kiwanda kizima, mashine kwa mashine, bolti kwa bolti, wakavipakia kwenye treni kwenda mashariki. RT 125 ikazaliwa upya Moscow kwa jina la Moskva, ikazaliwa Kovrov kwa jina la K-125, na kuanzia mwaka 1951 ikatengenezwa Minsk, ambako ukoo wake uliendelea kwa miongo mingi. Wapolandi nao walikuwa na yao.

Hermann Weber alichukuliwa pia, pamoja na wahandisi wengine. Alifia huko Umoja wa Kisovieti mwaka 1948. Mwaka huohuo, Agosti, jina la Auto Union ya zamani likafutwa kwenye daftari la makampuni la Chemnitz. Na mwaka huohuo Bantam ya kwanza ikaingia sokoni.

Nilisoma hayo usiku, injini iko mezani imefunguliwa nusu, nikaitazama kwa macho mengine. Mtu aliyeichora hii hakuwahi kujua kwamba itapanda mlima Kilimanjaro.

Lakini walioachwa Zschopau hawakukaa kulia. Mwishoni mwa miaka ya 1940 walianza tena na RT yao, na baadaye kiwanda kikaitwa MZ. Mhandisi wao, Walter Kaaden, katika nchi iliyokosa karibu kila kitu, aliichunguza injini ya mapigo mawili mpaka akaielewa kuliko mtu yeyote. Alijua kwamba bomba la moshi si bomba la kutolea uchafu tu. Likichongwa umbo sahihi, mawimbi ya moshi yanarudi na kuizuia petroli isitoroke. Kufikia mwaka 1961 injini yake ya mashindano ya cc 125 ilitoa nguvu ya farasi 25. Bantam ya babu yangu ilitoa kati ya nne na tano.

Kisha historia ikajirudia. Septemba 1961, baada ya mashindano ya Kristianstad, Sweden, dereva wao Ernst Degner alitoroka, akaenda kufanya kazi na Suzuki. Mwaka 1962 Suzuki ikachukua ubingwa wa dunia wa cc 50, na aliyekuwa juu ya pikipiki ni Degner. Mara ya kwanza ujuzi wa Zschopau ulibebwa kwa treni. Safari hii ulibebwa ndani ya kichwa cha mtu mmoja.

Bunduki tatu na uma tatu

Sasa turudi kwa ndugu wawili aliowatambua Mzee, maana hapa ndipo penye somo. Wote wawili walianza na mchoro uleule. Tazama walivyoutumia.

Yamaha asili yake ni vinanda. Torakusu Yamaha aliitwa mwaka 1887 katika shule ya msingi ya Hamamatsu kutengeneza kinanda kilichoharibika. Alikifungua, akaelewa kinavyofanya kazi, kisha akaunda cha kwake. Ndiyo maana nembo ya kampuni hadi leo ni uma tatu za kupimia sauti ya ala za muziki. Walipoamua kutengeneza pikipiki walifanya vilevile kama mwanzilishi wao: waliifungua RT 125, wakaiga. Lakini hawakuishia hapo. Mjerumani aliweka gia tatu, wao wakaweka nne. Mwezi uleule kampuni ilipoanzishwa, Julai 1955, YA-1 ikashinda mashindano ya kupanda mlima Fuji. Mwaka 1964 wakaleta pampu inayopeleka oili yenyewe kwenye injini, ili mpandaji asihangaike kuchanganya oili na petroli kwa kopo.

BSA je? Walikuwa na mchoro miaka saba kabla ya Yamaha. Waliongeza ukubwa wa silinda, hadi karibu cc 175. Waliuza mamia ya maelfu ya Bantam, ikapendwa na vijana wa kupeleka telegramu Uingereza na makarani kama babu. Gia ya nne ilikuja mwaka 1966. Oili ya kuchanganya kwa kopo waliendelea nayo mpaka mwisho, na mwisho wa Bantam ulikuwa mwaka 1971. Miaka miwili baadaye BSA yenyewe ikamezwa na kampuni nyingine. Sisemi Bantam ndiyo iliyoiua. Kampuni kubwa haifi kwa ugonjwa mmoja. Nasema tu kwamba mmoja aliichukulia nakala kama mwisho wa safari, mwingine kama darasa la kwanza.

Ndiyo maana siku hizi mtu akiniambia kwa dharau kwamba Wachina wanaiga, au kwamba fundi wa mtaani "anaiga tu", namuuliza: tajiri gani unayemjua ambaye hakuanza kwa kufungua cha mwenzake?

Jalada la daftari

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Nilipofungua kifuniko cha pembeni nilikuta gasketi ya ajabu. Haikuwa karatasi ya kiwandani. Ilikuwa kadibodi ngumu, imekatwa kwa mkono, kingo zake zina alama za mkasi, na matundu ya bolti yametobolewa kwa kitu cha moto. Nilipoipangusa taratibu nikaona mistari miwili myekundu iliyofifia, na kipande cha tarakimu kwa wino.

Ni jalada la daftari la mizani. Daftari la karani.

Nilikaa chini. Kumbe sikuwa wa kwanza kuifungua injini hii. Babu alishafika humu kabla yangu, bila kitabu, bila intaneti, labda kwa taa ya chemli, gasketi ikampasukia na duka la kuuza nyingine liko mbali. Akakata jalada la daftari lake. Akaiga gasketi ya Birmingham, ambayo ilikuwa imeiga ya Zschopau. Na ilishika! Hapakuwa na dalili ya kuvuja.

Lakini hakuna anayejua. Nilimuuliza baba mdogo kwa simu kama babu alikuwa akitengeneza pikipiki mwenyewe. "Aaa, alikuwa akichokonoachokonoa," akasema. Basi. Miaka mingi ya ufundi imebaki neno moja: kuchokonoa.

Kesho yake nilimpelekea Mzee ile gasketi. Akaigeuza, akatabasamu. "Babu yako alikuwa na mkono." Nikamuuliza kama na yeye amewahi kuchora chochote katika miaka yake yote, vipimo, makosa ya kila aina ya injini, dawa zake. Akagonga kipaji cha uso kwa kidole chenye grisi. "Nichore ili iweje? Viko humu."

Jibu hilo limenikaa kooni. Kwa sababu vya Weber pia vilikuwa humo, na yeye alikufa mbali na kwao. Kilichovuka mipaka na kuzaa pikipiki katika nchi tano sita ni kile alichokuwa amekiweka kwenye karatasi. Sisi hatuna upungufu wa watu wenye ujasiri wa kufungua. Pita Gerezani, pita Ilala, pita kijiwe chochote cha bodaboda saa nane mchana, utakuta injini imelala juu ya kipande cha boksi na kijana wa miaka 19 ameifungua mpaka kwenye kranki bila kuogopa. Pale Kibaha jeshi letu lilianzisha Nyumbu katika miaka ya 1980 ili tutengeneze magari yetu wenyewe. Kufungua tunajua. Tunachofanya kwa nadra ni kupima, kuchora na kuandika, ili atakayekuja asianze upya pale nilipoanzia mimi.

Vijana wanaofanya kazi na Mzee wanajua injini za mapigo manne tu, hizi za bodaboda. Siku akiondoka, ile akili ya kutambua ndugu kwa kupapasa mbavu za silinda inaondoka naye. Mimi siwezi kuirithi. Mikono yangu ni ya kalamu. Lakini kalamu nayo ni kifaa.

Kwa hiyo tumepatana hivi. Kila Jumamosi naenda na daftari. Yeye anafungua, anaongea, mimi nachora kwa mkono wangu mbaya na kuandika vipimo. Mwanzoni alinicheka. Jumamosi iliyopita alininyang'anya kalamu. "Hapa umekosea, tundu haliko hivyo," akasema, akachora mwenyewe. Mstari ulitoka umenyooka kuliko wangu wote.

Injini bado iko vipande. Silinda inahitaji kukerezwa, pistoni na ringi za saizi kubwa zaidi zinatoka Uingereza, na hela ndiyo hiyo niliyosema sina. Baba mdogo ameuliza mara mbili kama lile dude linawaka. Nimemwambia bado. Vipande nimevipanga juu ya gunia lilelile, kwa mpangilio nilioutumia kuvitoa, na kila kimoja kina karatasi yake.

Gasketi ya kadibodi sikuitupa. Nimeilaza juu ya ukurasa wa daftari jipya, nikazungushia penseli kingo zake zote, tundu kwa tundu, nikaandika chini: imekatwa na babu. Halafu nikachukua jalada la daftari langu la zamani, nikatafuta mkasi.

Haya, niishie hapa. Jumamosi imefika, na Mzee hapendi mtu anayechelewa.